Ripoti ya kinyama cha jicho: S100, Melan-A na HMB-45 zinatuambia nini hasa?

Mkaazi wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi mnaofanya kazi za maabara na za macho.

Ami yangu, nahodha aliyetumia zaidi ya miaka thelathini baharini kati ya Lamu na Kiwayu, alikuwa na doa jeusi kwenye nyeupe ya jicho la kushoto, karibu kabisa na ukingo wa mboni. Nyumbani hatukulijali, kwa kuwa wazee wetu wengi wana weusi kidogo pembezoni mwa mboni na hatujaona mtu akiugua kwa sababu hiyo. Mwaka jana doa lilianza kuinuka na kuzungukwa na mishipa ya damu iliyovimba, na kusi ilipotulia tulimvusha bara, likakatwa. Ripoti ya kwanza ilieleza tu kwamba huo ni uvimbe wenye rangi na kwamba kipimo cha kingamwili hakikusomeka kutokana na wingi wa melanini, ile rangi asilia ya mwili. Kipande kilipelekwa maabara nyingine, na ripoti ya pili ikasema hivi: S100 chanya, SOX10 chanya katika viini vya seli, Melan-A chanya kwa wingi, HMB-45 chanya hadi sehemu ya chini ya uvimbe, sitokeratini hasi katika seli za uvimbe, Ki-67 asilimia 18. Hitimisho lake ni melanoma ya konjaktiva, yaani saratani ya seli za rangi kwenye utando mwembamba unaofunika nyeupe ya jicho.

Siulizi habari za matibabu, kwani hayo yamo mikononi mwa daktari wake. Ninachotaka ni kuielewa karatasi hii niliyoisoma mara nyingi bila kufika popote. Ikiwa Melan-A imekwisha kuonyesha kwamba seli hizi ni za melanini, hizo nyingine zote zilihitajika kwa nini? Iweje rangi ya uvimbe izuie kipimo katika maabara moja na isizuie katika nyingine? Tena nimesoma mahali kwamba melanoma ya jicho hupimwa kwa alama iitwayo BAP1, na katika ripoti ya ami haimo kabisa. Je, ilisahauliwa?

Fundi wa Maabara (Malindi)

Wa alaykum salaam. Pole kwa maradhi ya ami yako. Nitajibu swali la rangi, kwa sababu hilo ndilo linalotusumbua sisi tunaokaa mbele ya hadubini.

Kipimo hiki kinatumia kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua adui, isipokuwa hapa zimetengenezwa maabara ili kila moja itambue protini moja tu ndani ya tishu. Wazo lenyewe ni la zamani: Albert Coons na wenzake walilionyesha mwaka 1941 kwa kingamwili zilizobandikwa rangi inayong'aa, na mwaka 1975 Köhler na Milstein wakapata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi, kazi iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tishu iliyohifadhiwa katika nta hukatwa vipande vyembamba vya mikromita tatu au nne, huchemshwa katika maji maalumu ili protini zilizofungwa na formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, zifunguke, kisha humwagiwa kingamwili. Kwa kuwa kingamwili haionekani kwa macho, huambatishwa kimeng'enya ambacho, kikikutana na kemikali fulani, huacha rangi pale pale kingamwili iliponasa.

Tatizo linaanzia kwenye rangi hiyo. Kemikali inayotumika katika maabara nyingi, kwa kuwa ni rahisi na inadumu, hutoa rangi ya kahawia, na melanini nayo ni ya kahawia. Basi ukitazama uvimbe uliojaa melanini baada ya kupaka kahawia, huwezi kujua kama unachokiona ni jibu la kingamwili au ni rangi aliyozaliwa nayo mgonjwa. Ni sawa na kutafuta wino uliomwagika juu ya nguo nyeusi. Kwa wagonjwa wa ngozi nyeupe shida hii hutokea mara moja moja, lakini kwetu hata konjaktiva isiyo na ugonjwa wowote ina melanini yake, kwa hiyo maabara inayohudumia watu wa pwani haina budi kuwa na njia ya pili.

Njia ya pili ni kubadilisha kimeng'enya na kemikali ili jibu litoke jekundu, na bila shaka ndivyo ilivyofanya maabara ya pili. Wengine hubakia na kahawia lakini wakapaka rangi ya Giemsa badala ya hematoksilini, rangi ya kawaida ya kuonyesha viini vya seli, na hapo melanini hugeuka kijani au buluu iliyoiva huku jibu la kingamwili likibaki kahawia. Wengine huiondoa melanini yenyewe kwa haidrojeni peroksaidi iliyopashwa moto, au kwa pamanganeti ya potasiamu ikifuatiwa na asidi ya oksaliki. Mimi binafsi naiogopa hiyo pamanganeti, kwa sababu pamoja na melanini inaweza kula antijeni, yaani zile protini zinazonaswa na kingamwili, ninazozitafuta, na mara nyingine kipande chote kikang'oka kwenye slaidi. Peroksaidi ni pole zaidi, ingawa inataka subira.

Kila slaidi ya mgonjwa lazima ipite pamoja na tishu ambayo jibu lake linajulikana kuwa chanya, na kipande kingine cha uvimbe ule ule kisichowekewa kingamwili. Kipande hicho cha pili ndicho kinachomuumbua mtu: kama nacho ni cha kahawia, basi kahawia uliyoisherehekea mwanzoni ilikuwa melanini.

Nina maoni mamoja ambayo huenda Daktari asiyapende. Ikiwa SOX10 ipo, sioni haja ya kuendelea kumtoza mgonjwa gharama ya S100.

Afisa Tabibu wa Macho (Mokowe)

Naomba kuongeza jambo moja linalotuhusu sisi tunaotuma vipande kutoka visiwani, kwa sababu lawama hutupiwa maabara hali kosa limefanyika kabla chupa haijapanda mashua.

Formalini inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyotiwa chumvi za kuzuia uasidi, na ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kipande. Formalini iliyokaa kabatini bila chumvi hizo huwa na asidi, na asidi hiyo ikikutana na damu ndani ya tishu huzaa chembechembe za kahawia iliyokaribia weusi ambazo mtu asiye makini atazidhania kuwa melanini. Zinaondolewa kwa pikriki asidi iliyochanganywa na alkoholi, ilhali melanini haiondoki kwa dawa hiyo, lakini ni afadhali zisizaliwe. Konjaktiva nayo ni nyembamba na hujikunja mara tu inapokatwa. Nimejifunza kuitandaza juu ya karatasi ngumu kwa dakika chache ndipo niitumbukize, la sivyo anayeikata baadaye hatajua ukingo ni upi na chini ni wapi. Kwa kipande kidogo, saa sita hadi siku tatu katika formalini zinakubalika. Zaidi ya hapo baadhi ya antijeni hufungika mno, na kila aliyewahi kungoja usafiri wa Garsen wakati wa mvua anajua kwamba siku tatu si nyingi.

Daktari wa Patholojia (Pwani)

Ndugu wa Langoni, swali lako la kwanza ndilo kubwa, na jibu lake ni kwamba hakuna alama hata moja kati ya hizo inayosema neno "saratani". Nne za mwanzo zinasema seli zimetoka ukoo gani, sitokeratini, protini ya seli za tando za juu, inasema hazikutoka ukoo gani, na Ki-67 inasema zinagawanyika kwa kasi gani. Hukumu ya saratani hutolewa kwa kuyaweka haya yote juu ya kile kinachoonekana katika slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini: umbo la seli, ukubwa wa viini, na jinsi zilivyovamia tabaka za chini.

Nianze na S100, ambayo Bwana Fundi anataka kuistaafisha. Iligunduliwa mwaka 1965 katika ubongo wa ng'ombe, na jina lake limetokana na kuyeyuka kwake katika amonia salfeti iliyokolea kwa asilimia 100. Karibu melanoma zote huionyesha, lakini pia huonyeshwa na seli zinazofunika neva, seli za mafuta, gegedu, na seli za Langerhans ambazo ni walinzi wa kawaida wa konjaktiva. Kwa hiyo S100 ikiwa chanya peke yake haikupi mengi, ila ikiwa hasi kabisa inakufanya usite kuita uvimbe melanoma. SOX10 inafanya kazi hiyo hiyo kwa usafi zaidi, kwa sababu inakaa ndani ya kiini ilhali melanini imejaa nje ya kiini katika saitoplazimu, na hilo pekee linapunguza nusu ya matatizo aliyoyaeleza Bwana Fundi. Hata hivyo mimi bado naitaka S100, kwa sababu neva ndogo zilizomo ndani ya kipande hupaswa kuwaka kila mara, na zisipowaka najua kwamba tishu iliharibika njiani na sipaswi kuamini jibu lolote la hasi katika slaidi hizo.

Melan-A ilitambuliwa mwaka 1994 na makundi mawili ya watafiti, moja la Ubelgiji na jingine la Marekani, ambayo hayakuwa yakitafuta kipimo cha maabara hata kidogo. Walikuwa wakichunguza seli T, yaani seli za kinga, za wagonjwa zinazoshambulia melanoma, wakitaka kujua zinaona nini juu yake. Wengi hulisahau hilo: alama tunayoipaka kwenye slaidi leo ni kitu ambacho kinga ya mgonjwa ilikitambua kwanza. HMB-45 ni ya mwaka 1986, na inanasa protini iitwayo gp100, ambayo ni sehemu ya vifuko vichanga vinavyotengeneza melanini. Inawaka katika seli zinazotengeneza rangi kwa bidii, kwa hiyo haikosei ukoo mara nyingi kama S100, lakini inakosa baadhi ya melanoma, hasa zenye seli nyembamba ndefu.

Namna HMB-45 ilivyosambaa ina uzito kuliko kule kuwa chanya tu. Katika baka la kuzaliwa lisilo na saratani, seli za juu zinaweza kuwaka, kisha kadiri unavyoshuka huzimika, kwa sababu seli hizo hutulia zinapozidi kwenda chini. Ripoti ya ami yako inasema zimewaka hadi chini, maana yake hazikutulia. Ki-67 ya asilimia 18 inakwenda njia hiyo hiyo. Katika mabaka yasiyo saratani kiwango huwa asilimia chache tu. Lakini usiifanye kuwa mizani ya dukani, maana hakuna kiwango kimoja kinachokubaliwa na wote, na hata seli za kinga zilizojaa ndani ya uvimbe zinagawanyika na kuhesabiwa pamoja zisipotengwa. Maabara zenye uwezo hupaka Melan-A na Ki-67 kwenye slaidi moja kwa rangi mbili, ili viini vinavyohesabiwa viwe vya seli za melanini tu. Mtoto mwenye baka lililovimba kwa mzio anaweza kutoa HMB-45 chanya na Ki-67 ya kutisha bila kuwa na saratani yoyote, na ndiyo sababu umri na historia ya mgonjwa huandikwa kwenye fomu, jambo ambalo wengi wanaotutumia vipande huliona la anasa.

Sitokeratini iliwekwa kwa sababu ya mazingira yetu. Afrika Mashariki saratani ya kawaida ya konjaktiva si melanoma bali ni ile ya seli bapa, inayohusishwa na jua kali na maambukizi ya VVU, na kwa watu weusi saratani hiyo inaweza kubeba melanini nyingi hata ikafanana na melanoma kwa macho. Ukiipaka HMB-45 utaona seli chache zenye matawi zimewaka, na asiyejua atashangilia. Hizo ni melanosaiti, yaani seli za kutengeneza melanini, wema walionaswa katikati ya saratani ya jirani. Seli za saratani zenyewe zinawaka kwa sitokeratini. Kwa ami yako hali ni kinyume, na hapo ndipo jina la ugonjwa lilipopatikana.

Kuhusu BAP1, haikusahauliwa. Melanoma ya jicho si ugonjwa mmoja. Ile ya konjaktiva, iliyo nje, ni jamaa ya melanoma ya ngozi: katika baadhi yake hupatikana badiliko la jeni la BRAF, ambalo nalo lina kingamwili yake, na kwa kuwa konjaktiva ina mirija ya limfu, ugonjwa huelekea kwanza kwenye tezi za mbele ya sikio na chini ya taya. Ile ya ndani hutoka katika uvea, tabaka la kati la jicho lenye rangi na mishipa ya damu, na takriban asilimia 90 ya hizo huanzia kwenye koroidi, nyuma ya retina. Zaidi ya asilimia 80 ya melanoma za uvea zina mabadiliko ya jeni za GNAQ au GNA11, na kwa kuwa ndani ya jicho hakuna mirija ya limfu, zinasafiri kwa damu, mara nyingi zikitua kwenye ini. Huko ndani daktari wa macho huitambua melanoma kwa kuitazama na kwa altrasaundi bila kukata chochote, na ni nadra sana kukosea, hivyo alama za ukoo hazihitajiki kama zinavyohitajika huku nje. Kinachoulizwa ni kama itasambaa, na BAP1 ndiyo inayojibu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni hiyo, iliyoko kwenye kromosomu ya 3, ilikuwa imeharibika katika uvimbe 26 kati ya 31 uliokuwa na hatari kubwa ya kusambaa. Katika slaidi tunatafuta kutokuwepo: viini vya seli za mishipa ya damu vikiwaka na viini vya melanoma vikiwa vitupu, hiyo ni habari mbaya. Katika konjaktiva alama hiyo haina uzito huo uliothibitishwa, ndiyo maana haimo.

Mkaazi wa Langoni (Lamu)

Shukran jazila, Daktari, na nyote mlioandika. Leo nimesoma ripoti mara ya kwanza nikijua ninachokisoma. Umenigusa uliposema kwamba Melan-A iligunduliwa kwa sababu kinga ya mgonjwa iliiona kwanza. Kama kinga inaiona, kwa nini haimalizi kazi? Na je, askari hao wa kinga nao hupimwa kwenye kipande hicho hicho?

Daktari wa Patholojia (Pwani)

Hupimwa. Kuna kingamwili za CD3 na CD8 kwa seli T, na CD68 na CD163 kwa makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza takataka na wadudu. Kwa saratani nyingi, kuona seli T zimejaa ndani ya uvimbe ni dalili njema. Melanoma ya uvea imetupindulia hesabu hiyo: wagonjwa ambao uvimbe wao una seli T na makrofaji wengi huwa na matokeo mabaya zaidi. Sehemu ya maelezo ni kwamba jicho limeumbwa kuikandamiza kinga ili vita vya kinga visituharibie uoni, na kwamba makrofaji wanaoonyesha CD163 mara nyingi ni wale wanaotuliza vita na kuusaidia uvimbe kujenga mishipa ya damu. Askari wapo, ila wamekaa upande wa pili. Hali hii huambatana na kupotea kwa kromosomu ya 3, kwa hiyo wingi wao ni ishara ya uvimbe mkali kuliko kuwa chanzo chake.

Na gp100, ile protini inayonaswa na HMB-45, imekuwa shabaha ya tiba. Dawa iitwayo tebentafusp hushika kipande cha gp100 kilichobebwa na HLA-A*02:01, aina mojawapo ya protini zinazobeba vipande hivyo juu ya seli na ambazo hutofautiana baina ya watu, kwa mkono mmoja na seli T kwa mkono mwingine, ikawaleta pamoja kwa nguvu. Iliidhinishwa Marekani Januari 2022 baada ya jaribio la wagonjwa 378 wa melanoma ya uvea iliyosambaa, ambapo asilimia 73 ya walioipata walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 59 ya wenzao. Haimhusu ami yako, kwa kuwa ugonjwa wake si wa uvea. Tena ninaieleza kwa shingo upande, kwa sababu aina hiyo ya HLA ni haba zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu, na bei yake sihitaji kuitaja.

Fundi wa Maabara (Malindi)

Daktari, kwa hoja ya neva nimekubali, S100 ibaki.

Ndugu wa Langoni, nenda kwenye maabara ya pili ukaombe kipande cha nta pamoja na slaidi, au angalau uhakikishe kwa maandishi kwamba vimehifadhiwa na namba yake ni ipi. Ami akihitaji kipimo cha BRAF baadaye, kitafanywa kwenye nta hiyo hiyo bila kulikata jicho tena. Usiiache ndani ya gari juani wakati unarudi; nta yetu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 60, lakini hulainika mapema kuliko hapo, na dashibodi ya gari lililoegeshwa Mokowe adhuhuri hufika mbali.

Mkaazi wa Langoni (Lamu)

Nimeandika namba. Nitasafiri Jumatatu inshallah, nikirudi nayo ndani ya kikapu cha samaki chenye barafu, bila samaki.

Afisa Tabibu wa Macho (Mokowe)

Ifunge kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji, na barafu isiiguse. Ubaridi wa kivuli unaitosha. Ukishuka, pita kwangu tuzipapase tezi za mbele ya sikio na chini ya taya za ami, kwa sababu hizo tutazikagua kila miezi mitatu, na kwa hizo vidole vinatosha.